Jina Jipya, Vyumba Vilevile

Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, Tulizo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kabati la viatu, kibodi mapajani. Rafu ya juu ya kabati ilikuwa na viatu vya shule vya watoto, rafu ya chini brashi na rangi ya viatu, na rafu ya katikati ilikuwa na seva. Seva yenyewe ni boksi jeusi, kubwa kiasi cha kreti ya soda, lenye feni iliyokoroma tangu siku ya kwanza. Mbele yake palibandikwa plasta nyeupe ya kidonda, na juu ya plasta mumewe alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: TULIZO.

Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Mumewe, fundi wa minara ya simu, alimpa mwaka waliooana, akasema mtu akishinda juu ya mnara siku nzima na upepo unamyumbisha, hakuna kinachomtuliza kama sauti ya mkewe mlangoni. Maneno ya wanaume wakiwa wapya, tunayajua. Lakini yeye alilipenda, na hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Miaka saba baadaye fundi alipojenga seva ya nyumbani akaipa jina hilohilo. Wenzake kazini walimcheka. Wenye kazi ile wana wosia wao, kwamba mashine usiipe jina la mtu unayelala naye, maana watu hugeuka na mashine haina habari.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili: vyumba viwili, sebule na jiko. Ndivyo mkataba wa kupanga ulivyosema na ndivyo ilivyoonekana ukiwa barabarani. Sasa, seva ya aina ile kazi yake ni kubeba kompyuta nyingine ndani yake, kompyuta zisizo na boksi wala waya, ambazo mafundi huziita mashine pepe. Na kila fundi alipounda mashine pepe moja, asubuhi yake mlango mmoja uliongezeka kwenye korido.

Wa kwanza ulikuwa namba 101, chumba cha picha za familia. Wa pili, 102, ulikuwa wa kamera ya geti, chumba chenye kiti kimoja, ambako mama mkwe, aliyeishi nao, alipenda kukaa aone nani kaingia na nani katoka na kabeba nini. Ile 103 ilikuwa ya kijana wao na 104 ya binti yao, wote wawili wako shule ya bweni. Ya 105 ilikuwa ya Tulizo mwenyewe, aliyoiomba ili apate mahali pa kusomea akiwa hana wageni. Ya 106 ilikuwa ya filamu. Mwenye nyumba alikuja siku moja kwa ajili ya bomba lililovuja, akatembea korido yote mpaka mwisho, akarudi akasema nyumba hii ina hewa nzuri.

Ukubwa wa chumba ulitegemea kumbukumbu ambayo fundi aliigawia mashine yake. Mashine ikipewa kumbukumbu nyingi, chumba kinapanuka. Ikipunguziwa, kuta zinasogea. Chumba cha Tulizo kilianza kikubwa tu, meza na kiti vikikaa bila kugombana. Miaka minne iliyopita fundi akasema kumbukumbu ya seva imekwisha na itabidi kila mtu ajibane. Kikabaki kiti. Mwaka uliofuata akasema tena, na tangu hapo mtu akikaa kwenye kile kiti akanyoosha miguu, vidole vinagusa mlango. Tulizo hakununa, familia ni kubanana.

Mwisho kabisa wa korido palikuwa na mlango mwingine, usio na namba, wenye ubao wa njano na fuvu la kichwa: HATARI. MITA YA UMEME WA SEVA. USIFUNGUE. Tulizo hakuwahi kuufungua. Yeye ni mtu wa ofisi, akisoma usifungue hafungui. Ila mama mkwe alikuwa na kawaida ya kwenda kuiangalia hiyo mita, asubuhi na jioni, na chupa ya chai mkononi, na akienda kuiangalia anaiangalia saa nzima. Tulizo aliwahi kumwambia mumewe kwamba mama ana wasiwasi mno na umeme. Fundi akasema ni uzee.

Ombi la kubadilisha jina lilikuja Alhamisi, kwa simu. Fundi alikuwa mji mwingine kwa wiki tatu, anafunga mnara mpya.

"Hilo jina la seva tulibadilishe," alisema. "Halifai kikazi. Watu wakiona watanichukuliaje?"

"Watu gani wanaoiona seva iliyoko kwenye kabati la viatu?"

"Ni utaratibu tu, mke wangu. Tuiite Nyumbani. Jina zuri, halina makuu."

Akaeleza kwamba yeye hawezi kulibadilisha akiwa mbali, kwa sababu mashine ikizimwa na kuwaka na jina jipya inaweza isimjibu tena, kwa hiyo lazima awepo mtu mbele yake. Akasema hatua ni tisa tu, atamwandikia. Tulizo alisikia kitu kimemchoma chini ya titi, kidogo, kama mwiba wa samaki unavyochoma. Alimeza, akasema sawa.

Ujumbe wa hatua tisa ulifika siku hiyohiyo, na Tulizo alipousoma aliuelewa kuliko mumewe alivyotegemea. Yeye alikuwa karani wa masijala kwa miaka ishirini, katika ofisi ambayo imebadilishwa jina mara nne. Kila mara mambo yalikuwa yaleyale. Wakubwa wanaleta kibao kipya, muhuri mpya na makabati mapya yaliyoandikwa jina jipya, wanapigwa picha, wanaondoka. Kesho yake mwananchi anakuja, anaambiwa faili lake limepotea. Wala halijapotea. Liko kwenye kabati lenye jina la zamani, linasubiri mtu mwenye akili aende kulihamisha. Seva nayo, kwa maelezo ya fundi, ilikuwa hivyohivyo: kila mashine pepe ina faili lake dogo linaloieleza, na mafaili hayo yako kwenye folda yenye jina la seva. Ukibadilisha jina, folda mpya inazaliwa tupu. Mafaili yanabaki kwa jina la kale, na vyumba navyo havionekani mpaka mafaili yahamishwe.

Kuna sheria moja ya masijala ambayo fundi hakuijua, au aliijua akaisahau, na kusahau kwenyewe ndiko kulikomponza. Faili halihamishwi likiwa limefungwa. Unalifungua, unasoma karatasi ya kwanza, unaandika namba yake kwenye daftari la mwendo, ndipo unalibeba. Mkuu wa masijala aliyemfundisha Tulizo aliwahi kuhamisha mafaili bila kuyafungua, na faili la mtu mzima wa afya likaenda na la marehemu. Yule bwana alipelekewa rambirambi zake mwenyewe kwa miaka mitatu, na akazoea.

Basi Jumamosi hiyo Tulizo alifungua daftari, akachora mstari, akaanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuzima mashine zote. Alipita korido akigonga mlango mmoja mmoja, maana si adabu kumzimia mtu taa. Chumba cha picha hakikuwa na mtu. Chumba cha kamera, kiti kilikuwa kitupu, akajua mama mkwe kashuka kwa jirani. Vyumba vya watoto aliviangalia mara mbili, akakunja blanketi moja. Akarudi kwenye ndoo, akazima mashine sita, na milango sita ikaingia giza kwa mpangilio.

Hatua ya pili na ya tatu zilikuwa kubadilisha jina katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni pale mashine inapoandika inaitwa nani, ya pili ni orodha ya nani anaishi wapi. Ukibadilisha moja ukasahau nyingine, fundi alionya, mashine itaamka haijijui. Tulizo alifuta herufi sita za jina lake, akaandika nyumbani. Akaenda kwenye ile orodha, akafuta sita nyingine. Alishafuta majina ya wizara nzima.

Hatua ya nne, akaiwasha upya. Feni ilinyamaza, na korido ikajikunja taratibu mpaka ikawa vile mwenye nyumba alivyoijenga: hatua nne na ukuta. Rangi ya ukuta ilikuwa safi, hata doa la kiganja hakuna. Hatua ya tano ilikuwa kusoma skrini: ilipowaka iliandika NYUMBANI, na chini ya jina hilo hapakuwa na kitu. Chini zaidi, kwa rangi ya kijivu na alama nyekundu pembeni, ilikuwa imeandika TULIZO.

Hilo alilitarajia, hakushtuka. Kitu ambacho hakukitarajia kilikuwa ndara za mama mkwe. Zilikuwa zimepangwa chini ya ukuta ule, ncha zikiutazama ukuta, kama zinavyopangwa na mtu aliyeingia ndani.

Aliita, "Mama!" Hakujibiwa. Alishuka kwa jirani, akaambiwa mama yako hatujamwona tangu jana. Akapanda ngazi, akakaa tena kwenye ndoo, akasoma hatua ya sita kwa mara ya pili.

Hatua ya sita ilisema hivi: *Hamisha mafaili YOTE kwa amri moja. Nimekuandikia hapa chini, nakili tu ilivyo. Usiyafungue, yanaharibika.*

Tulizo aliomba kwanza orodha ya yaliyomo kwenye folda ya zamani. Vyumba vilikuwa sita. Mafaili yalikuwa saba.

Alifanya alivyozoea. Akafungua la kwanza, 101, akasoma, akaandika kwenye daftari, akalihamisha. Nyuma yake mlango wa chumba cha picha ukatokea ukutani na kitasa chake. La pili, la tatu, la nne. Alipofika 105, la kwake, aliona kumbukumbu: moja. Akaona na zamu ya kuwashwa: ya mwisho. Akakumbuka umeme ukikatika na kurudi, jinsi walivyokuwa wakisubiri vyumba viwake, na chake kikawa cha mwisho kila mara, na fundi akimwambia ni bahati mbaya. Akaandika moja, akaandika mwisho, akahamisha. Akahamisha na 106.

Akafungua 107.

Faili lilikuwa fupi kama mengine. Kumbukumbu: kumi na sita. Zamu ya kuwashwa: ya kwanza. Ulinzi dhidi ya kufutwa: ndiyo. Waruhusiwa kuiona: mimi na mama. Imeundwa: tarehe ambayo Tulizo aliihesabu kwa vidole, akakuta ni wiki ileile aliyoambiwa kumbukumbu imekwisha, miaka minne nyuma. Chini kabisa, mahali pa maelezo, fundi alikuwa ameandika kwa utaratibu wake uleule anaoutumia kwenye karatasi za minara: *Kitanda kikubwa 1. Kitanda kidogo 1 (badilisha akifika miaka mitano). Dirisha 2. Mlango wa nyuma.*

Tulizo alilisoma mara tatu. Iliuma. Sina namna nyingine ya kuieleza, iliuma mpaka masikio yakaziba. Kisha akachukua simu akampigia mumewe. Upepo ulivuma kwenye simu, akajua yuko juu.

"Umemaliza?" fundi aliuliza. "Umetumia ile amri niliyokuandikia?"

"Nimeyafungua."

"Nilikuambia usiyafungue."

"Mimi ni karani wa masijala, baba watoto. Ulioa nani?"

"Sikiliza. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Miaka minne haikuwa na siku nzuri?"

"Siku hazifanani," alisema fundi. "Na wewe unajua vile unavyokuwa." Tulizo hakujua vile anavyokuwa, ila hakupewa nafasi ya kuuliza. "Mama yuko wapi?"

"Ndara zake ziko nje ya ukuta."

"Basi yumo ndani. Hamisha hilo faili, mke wangu, kule ni giza na mtoto anaogopa giza. Nitakuja tuzungumze."

"Na jina? Kwa nini ulitaka jina libadilike?"

"Mama wa mtoto alisema hawezi kuishi kwenye nyumba yenye jina la mtu mwingine," fundi akasema. "Ukimfikiria, ana haki."

Kisha akasema mtandao unasumbua, yeye aliyekaa juu ya mnara wa mtandao, na simu ikakatika.

Faili likiachwa kwenye jina la zamani halifi. Linakaa tu. Hakuna anayebisha hodi, hakuna anayetoka. Tulizo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, alikuwa amewaona watu walioishi hivyo mpaka wakazeeka. Angeweza kusimama, akafunga kabati la viatu, akaenda kununua sabuni. Mimi ningeliacha, nasema wazi, na mama mkwe na chupa yake ya chai ningemwacha humo humo. Lakini yeye alikaa akiangalia zile herufi kwenye skrini, *kitanda kidogo 1*, na hakupata mahali pa kuliweka lile neno dogo. Akaandika kwenye daftari: 107, kumi na sita, wa kwanza. Akalihamisha. Kwa hatua ya saba na ya nane akawasha mashine zote, na 107 ikawaka kabla ya nyingine.

Mlango ulikuwa pale mwisho wa korido na ubao wake wa njano. Tulizo alivua ndara zake, akazipanga kando ya zile za mama mkwe, akaufungua.

Kilikuwa chumba kizuri. Madirisha mawili yaliingiza jua kwa pamoja, na upande wa pili palikuwa na mlango unaotokea moja kwa moja mtaa wa nyuma, ingawa walikuwa ghorofa ya pili. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, anamsuka nywele mtoto wa kike wa miaka kama mitatu. Mtoto alikuwa na paji la uso la fundi, lilelile, limekatwa kwa mkasi mmoja na la watoto wawili walioko bwenini. Mwanamke kijana aliyevaa sare ya duka la miwani alisimama, akafuta mikono.

"Karibu, dada," alisema.

"Umechelewa kutuwashia," mama mkwe alisema bila kuinua macho. "Mtoto kalia mpaka kakohoa."

"Shikamoo, mama," Tulizo alisema, kwa sababu asubuhi hiyo walikuwa hawajasalimiana.

"Marahaba."

Ndipo akaziona miwani mpya za mama mkwe, za fremu ya kahawia, ambazo mwezi uliopita aliambiwa zimetolewa bure kwa wazee. Ni kweli zilitolewa bure. Lakini mama mkwe alikuwa na nyingine, za mbao, na hizo alizivaa muda wote Tulizo alipokuwa amesimama pale.

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu huyu hajaota meno."

"Mimi ndiye ninayekuogesha ukiumwa. Ndiye ninayekukata kucha. Hukuona uniambie?"

"Na mtoto wangu nimwache aumbuke?" Mama mkwe alifunga uzi mwishoni mwa msuko. "Siri ya mtungi muulize kata, mwanangu, na kata haisemi. Mimi ni mama yake. Ungekuwa wewe ungefanya vilevile, subiri kijana wako aoe."

Tulizo aliligeukia lile neno, subiri, akaliacha lipite. Akamwangalia yule muuza miwani.

"Mimi niliambiwa unajua," yule mwanamke alisema, na uso wake ulionyesha hasemi uongo. "Niliambiwa ulikubali, ila hupendi tuonane. Nikasema basi, nimheshimu. Hata redio siifungulii sana."

"Na mlango wenu una ubao wa hatari."

"Kwa huku ndani hauna kitu."

"Na jina?"

"Nilimwambia siwezi kulea mtoto kwenye nyumba iliyoandikwa mwanamke mwingine. Dada, hata wewe usingeweza."

Ni kweli, asingeweza. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba katika watu wote waliomchezea shere, huyu tu ndiye aliyesema jambo ambalo yeye mwenyewe angelisema. Aliangalia huku na huku kutafuta mtu wa kumgombeza. Mtoto alimwonyesha msuko wake. Akamwambia umependeza, akatoka, akarudishia mlango.

Hatua ya tisa ilikuwa imebaki. *Futa folda ya jina la zamani, lisije likatusumbua kwenye orodha.*

Alirudi kwenye ndoo. Folda ilikuwa tupu, na jina bado liko pale kwa rangi ya kijivu. Angeweza kuliacha, hakuna ambaye angekufa. Lakini masijala hufundisha kwamba kabati tupu lenye jina ni uongo, na siku moja mtu atakuja kulijaza kwa faili ambalo halikustahili. Mashine iliuliza kama ana uhakika. Akaandika ndiyo. Akabandua na ile plasta mbele ya boksi, ikatoka na vumbi lake.

Tangu hapo lile jina halipo. Halipo kwenye seva wala kwenye midomo ya watu, na mimi nikilitafuta silipati. Kuanzia hapa nitamwita karani. Wengi hawakuona tofauti. Ofisini walimwita karani siku zote. Watoto walipopiga simu Jumapili walisema mama, kama kawaida, wakaomba dawa ya meno na soksi, na hakuwaambia kitu. Mama mkwe alikuwa akimwita mwanangu, akaendelea.

Karani aliingia chumba namba 105, akakaa kwenye kiti, miguu mlangoni, akalia mpaka saa nane mchana. Alilia kwa sauti, maana nyumba nzima ilishajua. Hakulia sana kwa ajili ya yule mwanamke. Alilia kwa ajili ya vile alivyojibana, mara mbili, kwa hiari yake, akisema familia ni kubanana. Kisha akaosha uso, akapika, akapeleka sahani mbili mwisho wa korido, kwa kuwa mama mkwe alisema hawawezi kula wao mtoto akatazama.

Wiki ikaenda. Muuza miwani, aliyekuwa akitumia mlango wa nyuma, sasa alipitia mbele, kwa sababu kituo cha basi kiko karibu zaidi upande ule. Asubuhi foleni ya bafuni iliongezeka watu wawili. Walikubaliana kwamba mtoto aoge kwanza, yule mwenye kuwahi duka afuate, na karani aoge mwisho kwani ofisi yake hufunguliwa saa mbili. Mwenye nyumba alikutana nao wote kwenye ngazi, akawasalimu mmoja mmoja, akauliza kama bomba limepona.

Fundi alirudi Ijumaa ya pili, saa kumi na moja jioni, begi begani na ngozi imebabuka kwa jua. Aliweka begi, akafungua kabati la viatu kabla hajavua vyake. Aliangalia skrini, akapitisha kidole kwenye orodha, akahesabu mpaka saba. Hakuona plasta, na hakuuliza iko wapi. Akachukua bisibisi, akaenda mwisho wa korido, akafungua skrubu nne za ubao wa njano, maana haukuwa na kazi tena. Akarudi nao kwapani.

Karani alikuwa amesimama mlangoni kwa 105. Alikuwa amepanga maneno tangu Jumamosi ile, mengine kayaandika nyuma ya daftari la mwendo, na yote yalikuwa mazuri.

Fundi alifungua mdomo amwite kama alivyomwita miaka yote. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, akakunja uso, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku amesimama mbele ya mlango wake. Karani alisubiri. Alimpa nafasi, tena ndefu, na kama angelipata lile jina, hata nusu yake, hata herufi ya kwanza, karani alikuwa tayari kumpunguzia maneno.

"Wewe," fundi alisema mwishowe, na akatabasamu, kwa kuwa neno lilitosha. "Kazi nzuri kweli. Hukupoteza hata kimoja. Mafundi niliowasomesha mwenyewe wangepoteza viwili, vitatu."

Kilemba cha ukoka kilikuwa kimemkaa karani kichwani kabla hajakikataa.

"Vyote saba vipo," karani alisema. Maneno mengine aliyoyapanga yalikuwa ya kusemwa na mwenye lile jina, na mwenye jina hakuwepo tena.

"Vyote saba," fundi alisema. "Nilijua kazi hii naweza kukuachia wewe." Akampiga bega taratibu, akampa ule ubao wa njano amwekee mahali, akaendelea na korido. Karani alisikiliza nyayo zikipita 106, kisha zikapita sehemu ya ukuta isiyo na kitu, kisha mlango wa mwisho ukafunguliwa bila kubishwa hodi, na mtoto akasema, "Baba, dada leo ametupikia."